Pumzi za Mkono

Mimi ni mtu wa kujisifu na sitaomba radhi kwa hilo. Wengine wanajisifia mashamba, wengine watoto waliosomea ng'ambo. Mimi najisifia kitanda kimoja kilichokuwa karibu na mlango wa wodi yangu, wodi ya walioungua, hapa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja ambapo picha ya Rais ilitutazama kutoka ukutani hata tukibadilisha bandeji. Nilikuwa sista wa wodi. Manesi wadogo walinicheka chinichini kwa sababu ya hasira zangu. Nilijua, na niliwaacha wacheke, bora shuka ziwe zimenyooka.

Wazazi wangu walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati wakafungua duka, wakanunua na shamba dogo nyuma yake. Kwa hiyo nililelewa kati ya mizani na ng'ombe. Asubuhi kabla ya shule nilikamua, jioni nilikamua tena, na katikati nilipimia watu sukari. Majirani zetu walikuwa wenyeji wa huku, na lugha yao nikaijua ya kunitosha kugombana nayo. Nilipokwenda kusomea unesi wenzangu waliona mikono yangu wakaniuliza kama nilikuwa napasua kuni. Haya basi, mikono hiyo ndiyo mnaenda kusikia habari zake.

Kuungua huku kwetu kuna msimu. Mahindi yakivunwa halafu mvua ikakataa kuondoka, watu huyapandisha darini, juu ya moto wa jikoni, yakauke kwa joto na moshi. Ni desturi nzuri, imelisha watu vizazi na vizazi. Balaa huja pale kuni nazo zinapolowa. Mtu anapuliza, anapuliza, macho yanamtoka, mwishowe anachukua kopo la mafuta ya taa na kumwagia makaa anayodhani yamezima. Juu kuna dari la fito kavu na maganda. Mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mimi kila mwaka nilikuwa nasimama kanisani baada ya matangazo na kusema, jamani, mafuta ya taa si ya makaa! Wanaitikia ndiyo sista, halafu mvua inanyesha.

Mwanamke ninayemkumbuka alikuja msimu kama huo kutoka shamba moja ndani kidogo ya Cheptiret. Alikuwa mama wa watoto wadogo, mumewe askari aliyepangiwa kazi mbali huko kaskazini, yeye akiishi bomani kwa baba mkwe wake. Alimwaga mafuta, moto ukaruka ukashika dari. Angetoka tu hapo angeungua kidogo, tungempaka dawa aende nyumbani. Lakini yale yalikuwa mahindi ya nyumba nzima ya mwaka mzima. Akaingia kuvuta gunia, akatoka, akaingia tena, akatoka, akaingia mara nyingine mpaka paa likaanguka nyuma yake. Wanawake wa pale walimleta asubuhi kwenye pikapu, wakiwa wamemfunika blanketi lililolowa.

Watu wakimwona aliyeungua hutazama ngozi. Mimi hutazama pua. Nywele za puani zilikuwa zimeungua zote, na alipotema mate nilishika karai nikaona masizi. Kifua na mgongo vilikuwa vimeungua vibaya, kuzunguka kote. Alikuwa akiongea bado, tena kwa adabu, akiuliza kama watoto wamekula. Ila sauti ilikuwa inakwaruza, na kila akiuliza inakwaruza zaidi.

Nikamwita daktari wetu. Alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu majuzi tu, mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso, lakini nilimpenda kwa sababu hakuwa na maringo na alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili. Nikamwambia, "Daktari, sauti inaenda." Akamulika kooni kwa tochi, akaona wekundu na weusi, akazima tochi. "Koo litavimba lifunge," akasema. "Tumwekee bomba sasa hivi, kabla halijafunga. Tukingoja hatutapata njia." Bomba ni mrija unaopita mdomoni mpaka kwenye koo la hewa, na mtu aliyewekewa haongei. Tungempa dawa alale, kisha mashine impumulie mpaka mapafu yapone moshi.

Nilimweleza yule mama kwa lugha yake, polepole. Akanishika mkono kwa vidole vilivyokuwa na malengelenge, akaniuliza, "Sista, nikilala nitaamka?"

Mimi siwadanganyi wagonjwa. Hata mtoto akiniuliza kama sindano inauma, namwambia inauma. Lakini nilimtazama yule mama, nikajisikia nasema, "Utaamka. Mimi ndiye nimesema." Akafumba macho kama mtu aliyepewa stakabadhi. Daktari alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Kwa nini umemwahidi?" Nikamwambia, kwa sababu ameuliza. Basi tangu dakika ile ikawa ni mimi na neno langu, na neno langu halijawahi kuokotwa barabarani.

Mashine ya kupumulia tulikuwa nayo moja. Ilikuwa sanduku la kijani lililoendeshwa na nguvu ya oksijeni yenyewe, bila stima, jambo la maana sana katika mji ambao radi ikipiga taa zinazimika. Ilisukuma hewa mpaka ikahisi imekutana na upinzani, hapo inakata: tak. Kisha inamwachia mgonjwa atoe. Haikujua imeingiza hewa kiasi gani, ilijua tu imesukuma hadi pale ilipoambiwa ikome. Kwa hiyo ukiielewa sauti yake ulimwelewa mgonjwa. Pumzi ndefu, tak ya mbali, mambo mazuri. Tak za karibukaribu, kimbia.

Kesho yake mchana zikaanza za karibukaribu. Uso wa yule mama ulikuwa umevimba mpaka macho yamepotea, na wanawake wa kwao walipomwona walinishika koti wakiniuliza kama huyu ni yeye kweli. Nikapitisha mpira mwembamba ndani ya bomba, nikanyonya kwa pampu, masizi mazito yakatoka. Tak za karibukaribu vilevile. Nesi mmoja mdogo akanyoosha mkono kuongeza nguvu ya mashine. Nikampiga kofi mkononi. "Usiguse! Mapafu yameungua ndani, unataka kuyapasua?" Alinuna siku nzima, lakini mkono haukurudi pale.

Daktari alikuja akaweka viganja vyake viwili juu ya kifua, akangoja mashine isukume. Kifua hakikuinuka. Ngozi iliyoungua ilikuwa imekauka kumzunguka mwili mzima, ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, ikamkaza. "Shida si mapafu peke yake," daktari akasema. "Amevaa koti linalombana. Tulikate." Akaosha mikono, akachukua kisu, akapasua ile ngozi iliyokufa upande huu na upande ule, kisha akaiunganisha mikato hiyo kwa mkato mwingine chini ya mbavu. Pale palipokufa hapana maumivu, na yule mama alikuwa bado amelazwa na dawa ya usingizi. Mimi nilishika kichwa. Kisu kilipofika mwisho, kifua kikafunguka mbele ya macho yetu, na mashine ikasukuma, ikasukuma, ikaendelea kusukuma, ndipo ikakata, tak, mbali kabisa.

Nilipiga makofi. Ndiyo, mimi huyu, sista wa wodi, na kofia yangu kichwani. Daktari alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Wakati huo watu wa Eldoret waliamini kitu kizuri lazima kitoke Nairobi: daktari mzuri Nairobi, kiatu kizuri Nairobi, hata mkate. Na sisi hapa tulikuwa tumemvua mtu koti la kifo kwenye wodi ya saruji, nje mbuzi wa mtu wanakula ua letu.

Furaha hiyo haikukaa. Mashine ile ilikunywa oksijeni kama ng'ombe wa kiangazi anywavyo maji. Mitungi ililetwa na lori kutoka Nairobi, na mvua ilikuwa imeharibu barabara huko mteremkoni, lori halijulikani liko wapi. Daktari akapiga hesabu yake kwenye kiganja kwa kalamu. Tukiendelea na mashine, mitungi itaisha kabla lori halijafika. Tukimpumulia kwa mkono na kumwongezea oksijeni nyembamba tu pembeni, itatosha.

"Basi mkono," nikasema.

Kumpumulia mtu kwa mkono ni hivi. Kuna mpira mweusi kama chungwa kubwa la mviringo, unaungwa kwenye bomba. Ukiukamua hewa inaingia kifuani. Ukiuachia, hewa inatoka na mpira unajaa tena. Mtoto anaweza. Ugumu ni kuendelea. Mkono unachoka, vidole vinakakamaa, akili inazurura, na mtu akizubaa kidogo huyo aliyelala hana pumzi nyingine. Halafu kuna kosa la pili, baya zaidi, la kukamua kwa nguvu kwa sababu ya huruma. Unamwona anateseka, unataka kumpa hewa nyingi, unamjaza mpaka unamuumiza. Mapafu yaliyoungua yanataka pumzi ndogo, laini, na nafasi ya kutoa.

Manesi hatukutosha. Wodi ilikuwa imejaa na walioungua wengine nao walikuwa na haki yao. Nikatoka nje kwenye nyasi, ambako wanawake wa kwao walikuwa wameketi na thamosi za chai, wamekataa kurudi nyumbani. Nikawauliza, "Nani hapa anajua kukamua?"

Wakaangua kicheko. Ni kama niliuliza nani anajua kula ugali. Basi nikawanawisha mikono mpaka viwiko, nikawavisha makoti, nikawafundisha mmoja mmoja huku nesi amesimama kando. Nikawaambia msitazame mpira, tazameni kifua. Kikiinuka kidogo, inatosha. Achia. Ng'ombe mnayemkamua kwa hasira si anazuia maziwa? Wakasema anazuia. Basi na huyu msimkasirikie. Jamani, mngewaona! Mikono ile ilikuwa imekamua asubuhi na jioni tangu utotoni, ilijua kukaza bila kuchoka, ilijua kuachia. Mmoja aliimba wimbo wa kanisa chini kwa chini apate mwendo, wengine wakashika uleule, na wodi yangu ikawa inapumua kwa wimbo.

Ndipo Mwenyekiti akafika.

Alikuwa baba mkwe wa yule mama, na mwenyekiti wa chama wa lokesheni yao. Kama hukuishi miaka hiyo huwezi kujua uzito wa neno hilo. Mwenyekiti akikohoa baraza lilinyamaza. Akisema neno moja kwa mkubwa fulani, mwalimu alijikuta amehamishiwa mpakani, na daktari pia. Alikuja na koti zito, beji ya chama kifuani, fimbo mkononi, na gari lililoazimwa likinguruma nje. Lakini hakuingia. Alisimama kwenye ukumbi, nje ya mlango, akatugeuzia mgongo. Kwao baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kubwa kati yao. Hawashikani mkono, yeye mwanamke hamkalii karibu wala hasimami mbele yake kichwa wazi, na mzee haingii anapolala. Kwa hiyo alituhutubia akitazama ukuta wa upande wa pili.

"Nimesikia ati mke wa mwanangu anapumuliwa kwa mkono," akasema. "Kama tairi ya baiskeli! Hii ni hospitali gani? Nimeleta gari. Anaenda Nairobi sasa hivi."

Wimbo wa wanawake ukakatika. Aliyekuwa na mpira tu ndiye aliyeendelea kukamua, nilimkazia macho aendelee. Daktari akatoka ukumbini akajaribu, "Mzee, barabara ni mbaya, na hali yake..." Mwenyekiti akagonga fimbo sakafuni. "Kijana, mimi sikukuuliza habari ya barabara."

Nilimwona daktari wangu anapungua ndani ya koti lake jeupe, na sikumlaumu. Lakini mimi nilikumbuka mgonjwa mmoja wa kabla ya yule mama, kijana wa kinu cha mbao, aliyeungua hivihivi. Jamaa zake walishikilia Nairobi, akapakiwa kwenye gari na nesi mmoja wa kumkamulia, na barabarani mashimo, na mkono ni mmoja. Alikata roho Timboroa. Alirudishwa kwetu siku hiyohiyo amefunikwa, na nesi yule alikuwa bado hawezi kukunjua vidole. Damu ikanipanda kichwani. Nikatoka ukumbini.

"Mwenyekiti," nikasema, "ndani ya gari lako kuna nani wa kukamua mpira mpaka Nairobi?"

"Utakuja wewe."

"Mimi peke yangu? Mkono wangu utakufa hata Burnt Forest hatujafika. Na mkono ukifa, na yeye amekufa. Huyu nimemwambia ataamka. Haondoki hapa."

Nesi wangu mmoja alifunga macho kabisa, nadhani alishaniona nimehamishiwa jangwani na sanduku langu. Mzee akageuza kichwa kidogo, si kunitazama, ila kunisikia vizuri.

"Sista, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na mtu ambaye, kama mimi, anataka mama huyu apone. Ingia ushike mpira. Ukikamua ukaona unaweza kufika nao Nairobi, nitapanda hilo gari mwenyewe."

Ndani wanawake wakasema "Haiya!" kwa sauti moja. Mwenyekiti akashusha fimbo. Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya mtu mwingine, ya mzee wa boma tu. "Sista, wewe umekaa na sisi. Unajua siwezi kuingia hapo. Hata kama ni chama kimenituma, hata kama ni serikali. Hapo siwezi."

Hasira zikanitoka. Nilijua, ndiyo. Nilikua nikiwaona majirani wakipishana njiani kwa heshima hiyo, na sijawahi kuicheka. Nikamwambia, "Mzee, heshima yako hatutaivunja. Utaingia kinyumenyume. Utatazama ukuta. Atafunikwa kote, na macho yako nitakuwa mimi."

Aliegemeza fimbo ukutani. Kisha akavua koti lile, beji na vyote, akampa daktari alishike. Daktari hakujua aliweke wapi, akampa nesi. Mzee akakunja mikono ya shati, akanawa pale nilipomwonyesha, akaingia wodini kwangu kwa kisogo, hatua kwa hatua, huku mwanamke mmoja amemshika kiwiko kumwongoza. Wengine walikuwa wamemtandika yule mama shuka na kitambaa kichwani hata nywele moja isionekane, bomba tu likitoka. Daktari akashika pale bomba linapoungana lisivutwe. Nikamwekea mzee mpira mikononi.

Akaukamua kama anauua.

"Polepole, Mwenyekiti! Huu si mkutano wa hadhara!" Mtu alicheka nyuma akajiziba mdomo. "Kidogo tu. Hapo. Sasa achia. Achia kabisa, mwache atoe. Haya, tena."

Yeye akitazama ukuta, mimi nikitazama kifua. Sasa, achia. Sasa, achia. Jasho lilimtiririka kwenye shingo. Alijifunza haraka, lazima niseme. Baada ya muda nikaona bega lake la kulia linatetemeka, na nikajua vidole vimeanza kukakamaa, na nikajua anajua kwamba ninajua. Nairobi ilikuwa mbali sana mle chumbani. Nikataka kumwambia inatosha, mpe mwingine.

Ndipo akasema, "Sista!" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. "Unavuta!"

"Nini kinavuta?"

"Mpira. Kabla sijakamua, unavuta kwenye mkono wangu. Kidogo. Hapo! Hapo tena! Si mimi, Sista. Ni yeye!"

Nikainama mpaka shavu langu likakaribia shuka. Ni kweli. Kabla ya kila mkamuo, kifua kilianza chenyewe, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Tangu bomba liingie hatukuwahi kuona hilo. Yule mama alikuwa ameanza kuitafuta pumzi yake, na wa kwanza kuihisi ni mkono wa mtu asiyeruhusiwa hata kumsalimia kwa mkono.

"Sasa mfuate," nikamwambia. "Usimshinde, usimtangulie. Akivuta, msaidie. Asipovuta, mpe."

Alimfuata. Sikiliza, nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya kutundika ukutani, na sijaona mtu akimfuata mgonjwa namna ile. Alipokabidhi mpira hatimaye, vidole vilibaki vimekunjika, akatoka jinsi alivyoingia, uso kwa ukuta. Habari ya Nairobi hakuitaja tena. Alimwambia dereva, "Hilo gari lirudi barabarani likatafute lori la oksijeni. Mkilipata limekwama, pakieni mitungi mje nayo." Kisha akageukia wanawake na ndugu waliokuwa wamejaa nje, akawapanga mstari mmoja kwenye nyasi, kama walivyokuwa wakipangwa nyuma ya wagombea siku ya kura, na kila mmoja akaambiwa anamfuata nani. Wakati wa kura mistari hiyo ilitufanyia mambo tusiyoyasema kwa sauti. Mstari ule wa nyasini ulikuwa wa haki.

Gari lilirudi na mitungi, imefungwa kwa kamba, matope mpaka kwenye vioo. Mashine ikaanza tena kazi, na daktari akaiweka iwe inangoja yule mama aanze mwenyewe kabla haijamsaidia, vilevile kama mkono wa mzee ulivyofanya. Siku zilifuata za kunyonya masizi, za homa, za kubadilisha bandeji, za kumgeuza huku na huku. Siku nyingine alirudi nyuma, tukarudi naye. Uvimbe ukaanza kushuka, macho yakaonekana. Mzee alikuja kila siku, akasimama ukumbini kwa kisogo, akauliza, "Anavuta?" Nikamjibu, "Anavuta."

Siku ya kutoa bomba ilikuwa asubuhi ya jua, jua safi la huku kwetu baada ya mvua. Daktari alitoa upepo kwenye kile kibofu kidogo kinacholishikilia bomba kooni, tukainama wote wawili kusikiliza kama hewa inapita pembeni. Ilipita, kwa mluzi mwembamba. Maana yake koo limefunguka. Daktari akanitazama. Yeye alisita, mimi sikusita, na hilo pia najisifia.

"Kohoa," nikamwambia yule mama. Akakohoa, bomba likatoka.

Halafu wodi nzima ikangoja. Manesi, wanawake wa kwao, hata wagonjwa wa vitanda vingine waliokuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Kifua kilisimama. Mimi nilikuwa na mpira mkononi tayari, na nilikuwa nimeshausogeza karibu na uso wake, kisha kifua kikainuka, kikashuka, kikainuka tena. Hakuna mashine, hakuna mkono. Mwanamke mmoja akaanza kulia, nikamwambia kwa ukali anyamaze, wakati mimi mwenyewe machozi yameshanifika kidevuni. Sijapata kujivunia kitu kama nilivyojivunia kifua kile.

Nje ukumbini mzee alikohoa, kikohozi chake cha mabarazani. Yule mama akafungua macho. Akageuza kichwa upande wa mlango, akahangaika, mkono wake wenye bandeji ukapanda kwenye kichwa ambacho asubuhi ile hatukuwa tumekifunika. Midomo ikacheza. Niliinama, nikidhani anaomba maji.

"Nifunikeni kichwa," akasema. Sauti ilikuwa changarawe tupu, lakini kila neno lilisikika. "Baba yuko mlangoni."

Nikachukua kitambaa safi nikamfunika, nikikiweka sawa juu ya masikio. Mzee alikuwa amesikia. Alikuwa amebandika viganja vyake vyote viwili ukutani, paji la uso limegusa chokaa, mabega yanamcheza.

"Mwambieni sijamwona," akasema. "Sista, mwambie. Tangu aje hapa sijamwona hata siku moja."

Nikamwambia. Akatulia, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ya kwake mwenyewe.